Kweli Mbili za Mohoro

Agosti 4, 1905 Wajerumani walimnyonga mganga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro, karibu na delta ya Rufiji. Vita ya Maji Maji aliyoitayarisha ilikuwa bado changa. Mwishoni mwa Julai watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, walikuwa wameingia kwenye shamba la pamba la lazima wakang'oa mashina ya kwanza, na siku chache baadaye Samanga ilikuwa inawaka moto. Yeye mwenyewe hakubahatika kuona chochote katika hayo yaliyofuata. Wazee wa Umatumbi waliosimulia habari zake zaidi ya miaka 60 baadaye walisema kwamba mbele ya kitanzi hakuomba radhi wala hakukana. Aliwaambia waliomkamata kwamba wamechelewa, maana dawa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Habari hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na kila nikipita barabara ya kusini, nikishavuka daraja la Mkapa na kuukaribia mji wa Mohoro, hunirudia na swali lake lile lile. Tunamwita Kinjikitile shujaa wa ukweli. Lakini dawa yake ilikuwa maji, ambayo watu waliamini yatawakinga na risasi, na maji hayo hayakuzuia risasi. Mtu aliyekufa kwa kukataa kukana jambo ambalo halikuwa kweli, ni ukweli gani alioushikilia?

Hapa sitaki kukimbilia jibu jepesi, kwa sababu ndani ya swali hili mna mafunzo ambayo pwani yetu ya Kilwa na Lindi inayahitaji hata leo.

Kwanza turudi shambani. Mpango wa pamba ulianza mwaka 1902 chini ya gavana Götzen. Kila eneo la jumbe lilitakiwa kuwa na shamba lake, na wanakijiji walifanya kazi humo kwa siku zilizopangwa huku akida akisimamia na kiboko kikiwa karibu. Mapato yaligawanywa kati ya wakulima, jumbe na mfuko wa wilaya. Huko Uzaramo, baada ya msimu wa kwanza, fungu la mkulima lilifikia senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima, na wengi walikataa kuzipokea. Anayejua kilimo cha Umatumbi ataelewa uzito wa jambo hili kuliko takwimu yoyote. Mvua ikianza kunyesha, shamba la mpunga au la mtama halingoji. Siku uliyoitwa kwa jumbe ndiyo siku ambayo nguruwe na ndege waliingia kwako.

Hiyo ndiyo kweli ya kwanza ya Mohoro: watu walidhulumiwa, na walikuwa na haki ya kukataa. Kinjikitile aliisema kwa lugha ambayo watu wa makabila mbalimbali wangeielewa. Pale Ngarambe alipandwa na pepo Hongo, akazama mtoni, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, ndivyo walivyosimulia. Watu wakaanza kumiminika kutoka kila upande, na neno likaenea kwa kunong'onezana, mdomo kwa sikio, ule mnong'ono walioita njwiywila. Makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala mahali pamoja pa kukutania yalipata jambo moja la kuliamini.

Kweli ya pili ni ile ya bunduki. Agosti 30, 1905 maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge, na bunduki za rashasha ziliwafyeka waliokuwa mbele. Walikuwa na imani na maji. Baada ya hapo vita viliendelea hadi 1907, na Wajerumani walipoona hawawezi kumkamata kila mpiganaji waliamua kuchoma ghala na mashamba. Serikali yao ilikiri vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa Umatumbi mwenyewe, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa.

Sasa tazama jinsi mtawala alivyozitumia kweli hizi mbili. Götzen alisisitiza kuwa chanzo cha vita ni ushirikina na uchochezi wa waganga, wala si pamba wala kiboko. Alichukua kweli ya pili, kwamba maji ni maji tu, akaifanya pazia la kuifunika ya kwanza. Ni mbinu ya zamani kuliko Wajerumani, na haijapitwa na wakati: kumkamata mtu kwa kosa lake moja ili usimjibu kwa haki zake tisa.

Ebrahim Hussein, mwandishi aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, ndiye aliyelitoa jambo hili hadharani kwa ukali zaidi. Katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, mganga yule ana mashaka na maji yake mwenyewe. Akiwa mikononi mwa Wajerumani anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua kuwa sentensi hiyo, ambayo kwa kipimo cha risasi ni sahihi kabisa, ikitamkwa mbele ya adui itageuka na kuwa uongo mkubwa zaidi, kwamba hata sababu ya kupigana haikuwepo. Wanafunzi wangu wengi wanaipenda sana sehemu hiyo. Wanaona hapo ndipo mtu anaposimama na ukweli hadi mwisho.

Nami naipenda, lakini siwezi kuishia hapo. Kukataa mbele ya adui kulimgharimu yeye uhai wake, na gharama hiyo alikuwa na haki ya kuilipa. Lakini mashaka ambayo hayakusemwa mbele ya watu wake yaliwagharimu watu wengine. Katika tamthilia mashaka hayo yapo wazi. Katika historia hatuna njia ya kuuchungulia moyo wa Kinjikitile, na sitamtuhumu kwa jambo lisilo na shahidi. Ninachosema ni kuhusu sisi tunaomsoma. Tumejifunza kumheshimu anayesema kweli mbele ya mkoloni, wakati kibarua kigumu zaidi ni kuisema mbele ya ndugu zako, walio upande wako, wanaokupenda na ambao kesho utakutana nao kisimani.

Kwa hiyo mimi, ukiniuliza mashujaa wa ukweli wa vita ile ni akina nani, nitawataja pia wale wazee wa miaka ya 1960. Chuo cha Dar es Salaam kilipokusanya masimulizi ya Maji Maji, na Gwassa na mwenzake John Iliffe wakachapisha sehemu yake mwaka 1968, nchi ilikuwa bado changa na ilikuwa na njaa ya mashujaa. Nyerere alikwishasimama Umoja wa Mataifa mwaka 1956 akaitaja vita hiyo kama ushahidi kwamba watu wetu hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Ingekuwa rahisi sana kwa mzee wa Kipatimu au wa Kibata kutoa hadithi iliyonyooka. Wao wakatoa yote. Walisimulia imani na jinsi ilivyovunjika. Walieleza kuwa mkono ulioshika kiboko shambani ulikuwa mara nyingi mkono mweusi, wa akida au askari mwenye jina na ukoo unaojulikana. Walieleza njaa, na mambo ambayo mtu hulazimika kuyafanya wakati wa njaa. Ukiwa mtoto wa kijiji, maelezo ya namna hiyo si historia ya mbali. Wajukuu wa aliyechapa na wajukuu wa aliyechapwa wanasali msikiti mmoja.

Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, waumini wanaamrishwa wasimamishe haki na watoe ushahidi japokuwa ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Aya hiyo husomwa mara nyingi Kilwa, na karibu kila mtu mzima anaijua maana yake. Mpangilio wake ndio unaonigusa: nafsi imetangulia, kisha wazazi, kisha jamaa. Adui hakutajwa hata kidogo. Kutoa ushahidi dhidi ya adui hakuhitaji amri, maana moyo unakwenda wenyewe.

Lakini tusijifanye kwamba watu wa pwani hii huficha mambo kwa woga tu. Wana sababu zao. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyeipinga serikali ya Wajerumani na mwaka mmoja kabla alikuwa ameuvamia mji wa Kilwa Kivinje, alikamatwa. Nyumbani kwake zilikutwa barua. Barua hizo zikawataja wakubwa wa mjini waliokuwa wakishirikiana naye kisiri, nao wakapelekwa kwenye kitanzi pamoja naye. Mahali pale Kivinje panaitwa Mwembe Kinyonga mpaka leo. Mji ambao watu wake waliwahi kunyongwa kwa maandishi hujifunza kuchunga kalamu. Vizazi vinapokezana tahadhari kama vinavyopokezana mapishi. Mtoto huambiwa "usiseme uliyoyaona" kabla hajajua kuna nini cha kuona. Tahadhari hiyo ilikuwa ngao dhidi ya dola ya kigeni. Tatizo ni kwamba ngao ile ile leo inawakinga wanaoiba kwetu.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu.

Kati ya Somanga na Kivinje kuna diko ambalo sitalitaja jina. Nilifika pale mara ya kwanza kutafuta wazee wa kunisimulia habari za biashara ya zamani, nikampata mvuvi mmoja wa makamo, mwenye jarife na ngalawa yake, ambaye hakuwa na muda na biashara ya zamani. Aliniketisha kwenye gogo pembeni ya mnada, akaniomba nimshike samaki. Alikuwa changu mkubwa kiasi, macho bado angavu. "Mbonyeze tumboni, Mwalimu." Nikambonyeza kwa dole gumba. Likazama, lisirudi. Nyama ilikuwa kama uji ndani ya ngozi. Akampasua mbele yangu. Damu ilikuwa imevilia kando ya mgongo, uti ulikuwa umekatika mahali pawili, na kile kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea kilikuwa kimechanika vipande. "Huyo hakuvuliwa," akasema. "Huyo amepigwa."

Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1970. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inautaja kwa adhabu ya kifungo. Hata hivyo mwaka 2015 watafiti waliopita pwani ya Tanzania kwa mwezi mmoja wakiwa na vinasa sauti chini ya maji walihesabu milipuko 318, zaidi ya nusu yake ikiwa katika maji ya karibu na Dar es Salaam. Mwaka huo huo serikali iliunda kikosi cha pamoja cha vyombo mbalimbali, na katika miaka iliyofuata milipuko ilipungua sana. Mvuvi yeyote wa Kilwa atakuambia tofauti aliyoisikia kwa masikio yake. Ila kikosi hakikai kila diko. Kinachohitajika pale ni mtu wa kusema.

Yule mvuvi alisema. Alfajiri moja ya bamvua alikuwa anarudi kutoka kwenye jarife lake aliposikia mshindo, akaona mashua, akaitambua. Mmoja wa waliokuwamo alikuwa mtoto wa dada yake. Alikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu akamwendea kiongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za bahari, akamweleza.

Nilimuuliza kwa nini hakutaja mashua tu, akaacha majina. Aliniangalia kwa muda. "Mwalimu, ningesema nusu, ningekuwa nimesema uongo na bado wangenijua. Bora nijulikane kwa kweli nzima."

Kweli walimjua. Kabla ya adhuhuri diko lote lilijua. Jarife lake lilikatwa kwa kisu usiku, si kuibwa bali kukatwa, vipande vikaachwa pale pale ufukweni ili avione. Mwenye barafu akawa hana barafu kila akifika yeye. Wachuuzi waliokuwa wakimkopesha pesa ya mafuta wakawa hawana chenji. Dada yake alimtumia mtu kumwambia asije msibani akifa yeye. Hilo ndilo alilolisimulia kwa sauti iliyobadilika. La jarife alilieleza kama anayezungumzia hali ya hewa.

Tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, iliyopitishwa mwaka 2015. Ni sheria nzuri na naiunga mkono. Inaficha utambulisho wa mtoa taarifa na inakataza kumlipizia kisasi. Lakini iliandikwa na watu wanaofikiria ofisi, mahali ambapo mtu anaweza kutuma barua bila jina akarudi kwenye meza yake. Diko lenye mashua 30 halina bila-jina. Kukosekana kwako asubuhi moja ni taarifa tosha. Aliyepanda pikipiki kwenda Kilwa Masoko siku isiyo ya gulio ameonekana na watu kumi kabla ya kufika Nangurukuru. Na kisasi cha diko hakifikishiki mahakamani. Hakuna kifungu cha sheria kinachomlazimisha mtu kukuuzia barafu, wala dada kukupenda.

Ndiyo sababu nadhani wanaolichunguza jambo hili wakiangalia tu ujasiri wa mtu mmoja wanaliangalia kwa jicho moja. Gharama ya kusema kweli haikupangwa na mbingu. Inapangwa na majirani. Kweli ile ile, ikisemwa na mtu mmoja gizani, inamla. Ikisemwa na kijiji mchana, ni taarifa ya kawaida ya mkutano.

Misitu ya Kilwa inatupa ushahidi wa hilo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magogo ya kusini yaliyokuwa yakingojea kivuko yalianza kumiminika kwenda bandarini. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu biashara hiyo. Ilionyesha kuwa serikali kuu na halmashauri zilikuwa zikipoteza hadi asilimia 96 ya mapato ambayo zingestahili kuyapata, na vijiji vyenye misitu vilikuwa vinaambulia makombo. Mtendaji wa kijiji ambaye angejitokeza peke yake mwaka 2004 kusema kwamba lori lililopita usiku lilikuwa na magogo mara tatu ya yale ya kwenye kibali, asingemaliza mwezi. Lakini angalia kilichofuata. Vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo, vikachukua haki ya kusimamia misitu yao, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Gogo linapimwa na wanakijiji wenyewe, linapigwa nyundo ya alama na kuandikwa kitabuni, na mapato husomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Pakiwa na utaratibu huo hakuna haja ya mtoa siri, kwa sababu siri yenyewe haipo. Anayetaka kuiba analazimika kudanganya mbele ya watu mia mbili wanaojua kuhesabu magogo.

Siasa nayo ina gharama yake kwa anayesema. Kingunge Ngombale-Mwiru, mzaliwa wa Kipatimu, vilima vile vile vya Maji Maji, aliingia TANU mwaka 1954 na akawa mmoja wa walioandika fikra za chama kwa miongo. Oktoba 2015, akiwa na umri wa miaka 85, alirudisha kadi ya CCM akidai utaratibu wa kumpata mgombea urais umekiuka katiba ya chama. Alikuwa sahihi au hakuwa sahihi? Watu wazima na akili zao wanatofautiana, na mimi sina haja ya kuwaamua hapa. Nakumbuka tu jinsi maneno yalivyogeuka ndani ya wiki moja, na watu waliokuwa wakimwita mwalimu wao jana wakaanza kumwita mzee aliyepotea njia. Alifariki Februari 2018. Waliomzika walikuwa wa pande zote mbili.

Kuna gharama nyingine ambayo jirani peke yake hawezi kuipunguza, na nisipoitaja nitakuwa nimesema nusu, kama yule mvuvi alivyokataa kufanya. Kati ya 2016 na 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipitia kipindi cha mauaji. Wenyeviti wa vijiji, watendaji, wanachama na viongozi wa chama tawala walipigwa risasi milangoni kwao. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mpigo mmoja huko Mkengeni. Hofu ilishuka hadi Kilwa. Watu walikuwa wanafunga milango magharibi. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiripoti yanayotokea.

Asubuhi ya Novemba 21, 2017 mke wake alikuwa shambani. Kwa maelezo aliyoyatoa yeye mwenyewe kwa vyombo vya habari, gari jeupe aina ya Land Cruiser lilisimama, na mumewe alikuwa ndani yake na watu asiowafahamu. Alimuuliza ufunguo wa nyumba umewekwa wapi. Akamwambia ana safari ya dharura, atarudi kesho yake. Mkewe aliporudi nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa. Azory hajaonekana tena. Gazeti la Mwananchi lilikuwa likihesabu siku za kutoonekana kwake na kuzichapisha. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyoeleweka kuwa Azory alitoweka na kufariki. Kisha ukatolewa ufafanuzi kwamba amenukuliwa vibaya. Familia yake imebaki na kauli mbili na haina kaburi.

Huwa nasimama kwenye swali lile la ufunguo. Mtu anayejua au kuhisi kwamba hatarudi, anauliza jambo la kawaida kabisa, ili mkewe asiogope pale pale shambani. Sijui kama kuna kitendo cha upole zaidi kuliko hicho katika habari yote ya Kibiti.

Hapo majirani wangeweza kufanya nini? Si mengi, na sitaki kuwatwisha lawama watu waliokuwa wakilala chini ya vitanda. Lakini waandishi wenzake waliokataa kuacha kuhesabu walifanya jambo la maana. Walilibakiza jina lake kwenye karatasi, wakati waliomchukua walitaka lifutike. Ndugu zake waliokubali kuzungumza mbele ya kamera, kila mara wakijua nani anatazama, walilipa sehemu ya gharama ambayo haikuwa yao. Barabara inayopita Kibiti ndiyo inayopita Mohoro, na ndiyo inayofika Kivinje. Nikiwa ndani ya basi naona mikorosho na minazi inapita dirishani, na najua kila kituo kina mtu aliyesema.

Mwaka jana nilirudi kule dikoni. Nilitaka kujua kama yule mvuvi bado yupo. Alikuwepo, anashona jarife jipya chini ya mkungu, uzi mdomoni. Nilimuuliza alivyovuka miezi ile ya kwanza, maana mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba vitisho vilifika hadi mlangoni.

Akaniambia kwamba usiku wa tatu baada ya jarife lake kukatwa, baada ya sala ya isha, wazee watatu wa mtaa walifika kwake. Hawakutoa hotuba. Mmoja alikuja na bao, mwingine na kandili, wa tatu na birika la kahawa. Wakaketi barazani kwake wakacheza mpaka usiku wa manane. Kesho yake wakaja tena. Mmoja wao alikuwa baba mkwe wa kijana mwingine aliyekuwamo kwenye ile mashua. Walikuja usiku baada ya usiku, mwezi mzima, mvua ikinyesha wakisogea ndani ya ukumbi, na katika mwezi huo wote hakuna hata mmoja wao aliyemtajia habari ya baruti.

"Wiki ya tano," akasema, akiutoa uzi mdomoni, "dada yangu alimtuma mtoto na sahani ya wali. Sahani haikuwa na ujumbe. Nikala, nikaiosha, nikamrudishia na samaki."